Nilimfundisha Mdachi Maneno ya Uongo, Rafiki Yangu Akala Viboko

Kosa ni langu, ndugu zangu. Shetani simsingizii, wala sisingizii baridi ya Ulaya, ingawa baridi ile ilinitia wazimu kweli. Nililifanya mwenyewe, kwa mdomo huu huu, tena huku nikicheka!

Jina langu sitalitaja. Wa hapa Dodoma mtanijua tu, maana anayepita sokoni jua la saa saba akiwa amevaa miwani na koti refu jeusi la Kizungu ni mmoja. Ndiye mimi. Watu wananiita Profesa, nami sijawahi kumkataza hata mmoja. Loo, jina tamu lile!

Profesa wa kweli sikuwa. Baba yangu alikuja huku bara na misafara, akaoa, akatulia. Nilisoma chuo cha Kurani, kisha shule ya serikali, na mwandiko wangu ukawapendeza wakubwa wa Kidachi waliotutawala. Wakanichagua niende kwao Udachi nisaidie kufundisha Kiswahili vijana wanaotaka kuja kutawala huku.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Profesa mwenyewe, mzee wa ndevu nyeupe mpaka kifuani, anaandika neno ubaoni. Mimi nasimama pembeni nalitamka. Darasa zima linaitikia.

"Ng'ombe!"

"Gombe!"

"Ng'ombe!"

"Gombe!"

Miaka tisa, jamani! Miaka tisa ya gombe!

Tulistaafu pamoja, mimi na yule mzee. Siku ya mwisho aliniita chumbani kwake, tukanywa chai wawili tu, tukayakumbuka ya nyuma. Aliniambia ameandika vitabu vinne juu ya lugha za watu ambao nchi zao hajazikanyaga hata siku moja, na kwamba akilala anawaza kama hakukosea. Machozi yakamlengalenga. Kisha akaniuliza, "Na wewe, rafiki yangu, kuna unachojutia katika kazi yako?"

"Hakuna, Bwana Profesa," nikasema.

Mwongo mkubwa mimi! Kilikuwepo, tena nilikuwa nakijua vizuri.

Miaka miwili kabla ya siku ile tulikuwa na mwanafunzi mmoja mrefu, masharubu yamesimama juu kama pembe. Nitamwita Bwana Masharubu. Huyu alinidhihaki mchana kutwa. Nikigeuka, anaigiza mwendo wangu. Nikiweka kofia yangu, naikuta imejazwa theluji. Wenzake wanacheka, nami nameza.

Mtihani ulipokaribia, hajui kitu! Akaja kwangu kwa siri, mpole kama mwana-kondoo.

"Mwalimu, nifundishe peke yangu. Lakini sitaki maneno ya sokoni. Nipe maneno ya kutawala."

Ndugu zangu, moyo wangu ukaruka kwa furaha mbaya!

"Bwana mkubwa mnasemaje?" akauliza.

"Beberu," nikamwambia, uso mkavu.

"Na kuwaamuru watu wakae chini?"

"Chezeni."

"Na wanyamaze?"

"Chekeni. Lakini sema kwa ukali, Bwana. Maneno haya hayataki upole."

Akaandika yote katika daftari lake, akayakariri akizunguka chumba: "Chezeni! Chekeni! Mimi beberu!" Nilitoka nje, nikaegemea ukuta wenye theluji, nikacheka mpaka nikakaa chini. Mtihani wenyewe ulikuwa wa kuandika tu, na maneno yale hayakuulizwa. Akapita kwa kubahatisha. Sikumsahihisha. Nilijiambia, atapelekwa wapi huyu, Afrika ni kubwa.

Nilipostaafu nikarudi zangu nyumbani. Enhe, hapo ndipo uprofesa ulipopanda! Kila alasiri watu walijaa barazani kwangu, Waswahili wa mjini na Wagogo wa vijijini, nami nawasimulia jinsi nilivyowasomesha wakubwa wa Udachi, wakiniamkia kwa heshima kila asubuhi. Heshima gani? Theluji kofiani!

Msikilizaji wangu mkubwa alikuwa Ndahani, mfugaji na mpiga zeze. Akifika tu, "Mbukwa, Profesa!" na kibuyu cha maziwa mkononi. Mke wangu alipougua, Ndahani alileta maziwa kila siku kwa miezi mitatu, kwa miguu, na mvua ikinyesha. Rafiki wa namna ile hupati wawili.

Kisha ikaja habari kwamba bwana shauri mpya, Mdachi wa kutawala wilaya yetu, anakuja kwa reli, ametoka Ulaya juzi tu, na wazee wote waende bomani kumpokea. Wazee wakanifuata.

"Profesa, utakaa mbele. Hao ni wanafunzi wako. Akikuona wewe atatusikiliza habari ya malisho yetu." Maana walikuwa na neno zito: boma lilitaka kuwafukuza ng'ombe wao kwenye bonde lenye maji.

Nikavaa koti. Nikakaa mbele, shingo ndefu kama ya twiga.

Mlango ukafunguliwa. Masharubu yakatangulia, mtu akafuata.

Yalaa! Ni yule yule! Niliinuka polepole kama mtu aliyesahau kitu, nikarudi nyuma, nyuma, mpaka nikawa nyuma ya kina mama walioleta maziwa. Nikainama.

Akida, yule mtu wetu aliyewekwa na boma, akataka kutafsiri. Bwana Masharubu akamsukuma pembeni, kumbe ana hamu ya kuonyesha Kiswahili chake. Akapanda kwenye kiti, akapiga kifua.

"Mimi beberu wenu mpya!"

Wafugaji wale Kiswahili si lugha ya mama zao, lakini beberu wanamjua! Wakatazamana. Mama mmoja mbele yangu akaziba mdomo kwa kanga.

"Beberu mkubwa ametumwa kwenu!"

Kicheko kikaanza chini chini. Yeye akakunja uso.

"Chekeni!"

Ah! Watu si wameruhusiwa? Wakacheka!

"Chekeni! Chekeni nyote!"

Wakazidi! Wazee wenye mikongojo wanashikana mabega wasianguke. Akida ameinamia ukuta mabega yanamtikisika. Mtu mzima gani atathubutu kumwambia bwana shauri kwamba amejiita mbuzi dume? Nami kule nyuma, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeuma koti langu, machozi yananitoka kwa kucheka. Hata sasa ninapoandika kalamu inaruka!

"Chezeni!" akanguruma. "Chezeni!"

Ndahani, mtu wa watu, akaona mgeni anaomba ngoma. Akainua zeze lake, akapiga. Uwanja mzima ukainuka! Mabega yanarushwa, njuga zinalia, vumbi linapanda, na kadiri yule bwana alivyopiga kelele "Chezeni!" ndivyo walivyocheza. Sijaona mapokezi mazuri kama yale tangu nizaliwe.

Kisha akatoa bastola, akapiga hewani.

Kila kitu kikakatika. Akanyoosha kidole kwa Ndahani, na safari hii akasema neno ambalo sikumfundisha mimi, la kila boma:

"Hamsa ishirini!"

Viboko ishirini na vitano. Askari wakamlaza kifudifudi pale pale. Zeze likaanguka, mtu akalikanyaga.

Nilikuwa hatua kumi na tano tu. Nilichotakiwa kusema ni neno moja: "Mimi!" Ningesema kwa Kidachi, angeelewa vizuri. Nilifungua mdomo, naapa niliufungua! Kikashuka cha kwanza. Nikaufunga. Nikasimama nyuma ya kina mama, na koti langu la uprofesa, mpaka cha ishirini na tano.

Alasiri nikaenda kwa Ndahani. Amelala kwa tumbo, mkewe anampaka samli. Nikapiga magoti nikamwambia yote: theluji, daftari, beberu, chezeni.

Ndahani akaulaza uso mkekani. Kisha mgongo ukaanza kumtikisika. Anacheka!

"We Profesa! Ulimwambia aseme beberu? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Na akaandika?"

"Aliandika, tena kwa wino."

"Aaa, niache, naumia! Mama nakufa!" Akacheka, akalia kwa maumivu, akacheka tena. Mkewe naye akaachia samli, akacheka. Nikacheka nao. Nikajua nimesamehewa. Furaha iliyonipata hapo siwezi kuieleza!

Akajifuta macho. Akauliza, bado anatabasamu, "Na ulikuwa umesimama wapi?"

"Nyuma ya kina mama."

"Uliniona nikilazwa?"

"Nilikuona."

Tabasamu likaondoka. Akageuza uso ukutani. Mkewe akachukua samli, akaendelea kupaka bila kunitazama.

Asubuhi nilienda bomani mwenyewe. Bwana Masharubu alinitambua papo hapo.

"Beberu ni nini?" akauliza nilipokwisha kuungama.

"Ni mbuzi, Bwana."

"Mbuzi?"

"Dume, Bwana."

Akida akatoka nje akikohoa. Nami nikalazwa, nikala ishirini na vitano vyangu, kimoja kimoja. Shule mpya ya hapa mjini, ambayo boma lilikuwa limeniahidi niiongoze, akapewa mwingine. Bonde lenye maji likachukuliwa na boma, na wazee hawakunituma tena popote.

Nilikwenda kwa Ndahani natembea kama bata, nikamwonyesha mgongo kwa fahari. "Sasa tuko sawa, ndugu yangu?"

Akanitandikia ngozi, akanipa maziwa. Akanikagua majeraha. "Migongo iko sawa," akasema.

Ni mwaka wa tatu. Tukikutana sokoni ananisalimu vizuri, anauliza habari ya mke wangu. Barazani kwangu hajarudi.

Basi wewe mwalimu, wewe msomi, wewe uliyestaafu na kukaa barazani ukijisifia, nakusihi! Mzaha ufanye, dunia bila mzaha haikaliki. Lakini ukiona mzaha wako unamwangukia mwenzako, toka nyuma ya watu saa ile ile useme, "Ni mimi." Mimi nilisema. Nilisema kesho yake.