Wote Watatu wa Kwanza

Binti yangu alipochumbiwa, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, niliamua kuwaandikia ndugu zangu watatu barua pepe moja. Posta ingechelewa, na kaka yetu mkubwa, aliyefanya kazi Afrika Kusini, alihitaji muda wa kuomba likizo. Baba yetu alikuwa ameshafariki. Kwetu, bila kaka mkubwa kuketi na wakwe, binti hatoki nyumbani.

Nilikwenda kwa mama mmoja pale Kariobangi aliyekuwa na kompyuta ya Linux nyuma ya duka lake la vipuri. Skrini ilikuwa nyeusi, maandishi matupu. Aliandika amri, kisha akapanga anwani tatu kwenye mstari mmoja, akizitenga kwa mkato.

"Mzee, hivi kila mmoja ataona wenzake walioandikiwa. Niwafiche?"

"Uwafiche kwa nini, mama? Ni watoto wa tumbo moja."

Nikamsomea barua. Ilianza kama barua zangu zote: "Ndugu mpendwa, nakwambia wewe kwanza kabla ya wengine." Miaka mingi nilikuwa nimemwandikia hivyo kila mmoja, kwa bahasha yake. Mama alinitazama, akataka kusema neno, akaendelea kuandika. Mwisho akaweka nukta peke yake kwenye mstari, alama ya kwamba barua imekwisha, akabonyeza kitufe. Ikaenda.

Kesho yake alinipokea akijifuta machozi ya kicheko. Dada yangu wa Kampala alikuwa ametujibu sote: "Naona sote watatu tumeambiwa kwanza. Wa pili ni nani?" Mdogo wetu wa London akaongeza kwamba ana sanduku zima la barua za kuwa wa kwanza.

Nilicheka, lakini kaka mkubwa alikuwa kimya. Nikahofia nimemharibia mtoto harusi kwa uongo wangu mtamu. Kila jioni nikitoka kazini nilipitia dukani.

"Bado, mzee."

Hatimaye likaja jibu lake, kwa wote: "Likizo nimepewa. Nitafika kwanza, nitakula kwanza."

Alifika, na wale wawili pia. Mbele ya wakwe alisimama kututambulisha. "Huyu dada ni wa kwanza. Huyu mdogo wetu naye ni wa kwanza. Mimi pia." Wakwe wakatazamana. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Na huyu ndiye wa mwisho. Barua zake tunasomeana kwenye simu tangu zamani. Yeye tu ndiye hakujua."