Hita Ilipovuja, Tuliogopa Kupiga Simu

Juzi, kwenye basi la kwenda kitongoji cha Spånga, huku ughaibuni, mwanamke Mkongo aliyeketi mbele yangu alikuwa ameinamia simu, mkono wa pili umekamata kiti. Mama yake mzee, aliyekuwa peke yake nyumbani, alikuwa amelegeza skrubu ya hita ya ukutani, ile inayopitisha maji ya moto, ili atoe hewa iliyonasa ndani. Skrubu ikachomoka, maji ya moto yakaruka.

"Weka taulo, mama. Usiite mutu."

Nikamuuliza kwa nini asiwapigie wenye nyumba, maana wana fundi wa dharura.

"Watatufukuza," alinong'ona. "Jina ya mama haiko kwenye mkataba ya nyumba."

Mama yake aliposema maji yamefika mlangoni, alimpigia fundi. Fundi alisema anakuja, kisha akauliza jambo moja tu: "Kuna mtu ameungua?"

Mwanamke hakuwa amemuuliza mama yake hilo. Akampigia mama yake tena, na kumbe kiganja chote kilikuwa kimeungua. Mama huyo alikuwa ameficha ili asimtie binti yake hofu.

Wengi wetu hapa mjini tunamwogopa mwenye nyumba kuliko maji ya moto, ingawa mwenye nyumba ana fundi, na maji ya moto hayana huruma.