Kurasa Zangu Hazikuwa Takataka

Niliacha shule darasa la sita, nikajisomea mtandaoni. Kila ukurasa niliotaka kuurudia niliuwekea alamisho na kuupanga kwenye folda: magonjwa ya ng'ombe, nyota, injini. Akaunti yangu niliiacha wazi kwenye kompyuta ya steshenari moja ya Bariadi, hivyo nilichohifadhi pale nilikikuta kwenye simu hata nikiwa kijijini Nkololo.

Siku moja nikakuta folda zote zimetoweka simuni. Nikaenda steshenari mbio.

"Nimesafisha mashine, kaka," mwenye duka akasema. "Ulijaza takataka."

"Ulipofuta hapa, zimefutika na kwenye simu yangu!"

"Si uzitafute upya? Kwani una kazi gani?"

Wateja wakacheka. Miaka minne ya kusoma! Mwenye duka yuleyule angekuta cheti cha mtu kimesahaulika mezani, angekitunza mpaka mwenyewe arudi; elimu yangu isiyo na cheti akaiita takataka.