Rupia ya Babu Ilipotaka Kumla Ng'ombe

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliyotaka kulia mbele ya wageni, nami nikalia kweli. Nilikuwa kijana hapa Nyaishozi, nina kishamba cha migomba na kahawa, nina ng'ombe mmoja aitwaye Bihogo, na nina ujuaji wa kuweza kugawia kijiji kizima. Maziwa ya Bihogo ndiyo yaliyotulisha, mimi na Shangazi Kokushubira, aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki.

Babu aliniachia rupia ya fedha ya enzi za Mjerumani. Mfanyabiashara mmoja wa Bukoba, mnunuzi wa kahawa aliyependa kukusanya sarafu za kale, akanieleza kuwa huko ng'ambo wako mabingwa wa kuzipima. Wanaichungulia sarafu kwa lenzi, wanaipa alama kama mwalimu, kisha wanaifungia kwenye kiboksi cha plastiki. Ikipata alama za juu, bei hupanda. Ila kuipeleka kuna gharama, na nilipopiga hesabu, gharama yenyewe ilikuwa na pembe mbili na mkia.

"Usikimbilie," akaniambia. "Nikipita tena nitaitazama kwanza."

Nani amsikilize? Kijana aliyelewa matumaini hahitaji rubisi. Nikamwita mnunuzi wa ng'ombe kutoka Kamuli aje siku ileile ambayo bwana huyo angepita tena. Shangazi nilimwambia tu kwamba rupia inakwenda kwa wataalamu. Habari ya Bihogo nikaimeza.

Sasa, wewe unajua huku kwetu kitu hakitoki nyumbani kwenda kwa wageni kikiwa kichafu, awe mtoto au kiwe kibuyu. Siku ilipofika, mtu wa Kamuli ameshika kamba ya Bihogo, mtu wa Bukoba ndiyo anashuka kwenye pikipiki, Shangazi akatoka jikoni anatabasamu. Rupia iko juu ya jani la mgomba, inawaka!

"Nimeisugua kwa majivu ya maganda ya ndizi," akasema. "Weusi wote umetoka. Wasije wakasema kwetu hakuna maji."

Mtu wa Bukoba akashika kichwa. "Shikamoo, mama. Lakini umeimaliza! Weusi ule ndio wanaoutaka. Iliyosuguliwa hawaipi alama."

"Shangazi, umeniua!" nikapiga kelele, machozi hayo.

Yule bwana akaigeuzageuza rupia. "Usimlaumu, kijana. Uso wa mfalme wa Wajerumani ulikwisha kulika zamani mfukoni mwa babu yako, na rupia za namna hii ziko tele. Hata isingesuguliwa, isingerudisha nusu ya gharama."

"Gharama gani?" Shangazi akauliza.

Akanitazama, akaitazama ile kamba, akaelewa. Akaenda taratibu akaichukua mkononi mwa mtu wa Kamuli.

"Mwana wa kaka yangu," akasema, "mimi nimekosa kwa kutojua. Wewe unamkamua Bihogo kila siku, halafu ulitaka kumtoa ili watu wasiotujua wakwambie kwamba rupia ya babu yako imezeeka? Ungeniuliza mimi. Ningekwambia bure."

Mtu wa Kamuli alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Jioni Shangazi alinimiminia maziwa kama kawaida, na sijawahi kunywa maziwa yenye aibu kiasi kile.

Basi mwanangu, na wewe umekuja na sarafu yako, macho yamekutoka. Nasikia raha kwamba umeniuliza, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kwanza, usiisugue, hata kwa kitambaa. Tazama kama sura na maandishi bado vimesimama. Ulizia kama ni adimu kweli, maana ukongwe peke yake si uadimu. Mimi ni mkongwe na hakuna anayeniwekea bei. Kisha waulize wanunuzi zaidi ya mmoja: bila kiboksi wanatoa ngapi, na ndani ya kiboksi ngapi? Tofauti ikizidi gharama kwa mbali, ipeleke, nami nitakuombea. Isipozidi, iweke sandukuni uwaonyeshe wanao. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nenda salama. Mungu akujalie macho ya kukijua kilicho chako, kabla hujamlipa mtu akuonyeshe.