Kitasa Aomba Asijulikane kwa Wiki Moja

Saa mbili asubuhi, Kitasa amepiga magoti mbele ya mlango wa kijani, sikio kwenye tundu la ufunguo, waya mdomoni. Nyuma yake amesimama muuguzi aliyejifungia nje, funguo zake ziko mezani ndani.

"Dada, usiende mbali. Kaa hapa hapa watu wakuone."

"Fundi, nimetoka zamu ya usiku. Miguu inawaka moto."

"Basi kaa chini, ila cheka kidogo. Ionekane tunafahamiana."

Muuguzi anaangua kicheko. Kitasa hatanii.

Fundi huyu, ambaye jina lake halisi hata mkewe hulitoa siku za ugomvi tu, amefungua milango ya mtaa huu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Balaa limeanzia kwenye simu. Wakazi karibu wote wamepakua programu ya ulinzi: ukimtilia mtu shaka unampiga picha, unaitupia humo, majirani wanaongezea. Mpita njia mmoja akampiga picha Kitasa akichokonoa mlango wa mteja. Chini ya picha pana alama ya jicho.

"Mimi nikajua ni tangazo," anasema. "Nimetokea vizuri, na mkoba wa kazi unaonekana. Nikabonyeza jicho. Nikamwambia na mke wangu abonyeze."

Mke akabonyeza. Shangazi wa Kitasa akabonyeza, akawahimiza na wenzake wa kikundi cha akiba. Wateja wa zamani nao, kwa mapenzi yote, wakabonyeza: huyu si ndiye fundi wetu!

Kumbe kila jicho ni shahidi mwingine aliyemwona mshukiwa. Macho yakajaa, picha ikazungushiwa duara jekundu, na sasa ramani inaonyesha kila anapopita. Hata nyumbani kwake.

"Yaani nikijulikana zaidi, ndo nazidi kuwa mwizi? Dada, hiyo hesabu wewe umeielewa?"

"Wala," anajibu muuguzi, macho chini. "Na mimi nilikubonyeza."

Zamani Kitasa alifungua hata milango sita kwa siku. Huu ni wa pili wiki hii.

Aliwaandikia wenye programu. Wakamjibu picha itafutika zikipita siku saba bila jicho jipya. La sivyo, atume kitambulisho na alama za vidole.

"Vidole vya fundi wa vitasa, nimpe mtu nisiyemjua? Si bora niwape na nyumba!"

Mkewe akamshauri afanye kazi kwa kujificha hizo siku saba.

"Mama watoto, mtu anayejificha kwenye milango ya watu si ndo mwizi mwenyewe?"

Kitasa kinalia *tak*. Mlango unafunguka. Muuguzi anakimbilia funguo zake, anazinyanyua juu dirishani, mtaa mzima uone.

Mchana huu fundi atawazungukia wateja wake, mmoja mmoja. "Sitaki makubwa. Nawaomba tu wasinijue kwa wiki moja."

Simu yake inaita. Ni shangazi.

"Mwanangu, leo umependeza! Mlango wa kijani, na dada mmoja anacheka pembeni. Tumeshakubonyeza wote!"

Kitasa anageuka, anatazama mtaa. Madirisha yote yamefungwa.

"Shangazi," anasema taratibu, "usitoke hapo. Naanzia kwako."