Jumamosi Niliyompangia Mama Mkwe

Programu ya siku ile niliipiga kwa mashine ya ofisini, nakala mbili, karatasi ya kaboni katikati. Moja niliitia katika mfuko wa shati. Ya pili nilimpa mke wangu, naye akaikunja mara nne na kuichomeka chini ya mguu wa meza yetu iliyokuwa ikiyumba. Ningekuwa na akili ningeelewa hapo hapo.

Ilikuwa Bukavu, miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Nilikuwa karani katika ghala la mizigo, kijana mwenye tai mbili na baiskeli moja, na hakuna mtu aliyeweza kuniambia kitu. Tulikaa mtaa wa Kadutu, vyumba viwili na ua mdogo. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa nane, na mama yake alikuwa anakuja kutoka vilima vya Mwenga. Mama huyo hakuwa amewahi kukanyaga mji. Akipapenda kwetu angekaa mpaka mtoto azaliwe. Asipopapenda angepanda gari la mizigo arudi zake, na binti yake angezaa peke yake. Mke wangu aliogopa sana kuzaa, na aliniambia hivyo bila kuficha. Basi mimi, mjuzi wa kila kitu, nilimwomba Mzungu wangu ruhusa ya Jumamosi asubuhi, nikampangia mama mkwe siku nzima ya kuona mji, saa kwa saa, kama Wazungu.

Sasa, kwa watu wa mke wangu, mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani uso. Wakikutana njiani, mwanamume anaacha njia na kuingia majanini, na mama anajifunika. Hawapeani mkono, hawali pamoja. Lakini kuongea wanaongea, mradi kuwe na kitu katikati yao: ukuta, mlango, migomba. Siku ya harusi yetu nilimwona mgongo tu. Mimi nilikuwa nimesoma kwa mapadri, na mambo hayo niliyaita mambo ya zamani.

Alifika Ijumaa mchana nikiwa kazini. Niliporudi alikuwa tayari katika chumba cha ndani, pazia limeshushwa. Nilikaa sebuleni, mgongo kwenye ukuta wa udongo, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mukwe, uko pale?"

"Niko, mama."

"Banasema uko mukubwa wa biro, kule kwa kazi ya Bazungu. Sasa juu ya nini mutoto yangu anakonda vile? Banakulipa na karatasi?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Naye alicheka upande wake. Tuliongea hivyo kwa muda mrefu, habari za mihogo, za barabara, za mbuzi aliyetapikia watu kwenye gari. Alikuwa na sauti nzito kidogo, na kabla ya kutania alikuwa akivuta pumzi, kwa hiyo nilijua neno linakuja. Sijawahi kuongea vizuri namna ile na mama yangu mwenyewe. Mwishowe akasema, "Miye nitabaki mupaka mutoto atoke. Kesho munionyeshe tu fasi atazalia, roho yangu itulie."

Nilichomoa karatasi, nikamsomea programu ukutani. Saa mbili, bandari. Saa nne, maduka ya avenue, ile barabara kubwa. Saa sita, chakula cha hoteli. Saa nane, picha, sisi watatu pamoja. Saa kumi, mpira.

"Na fasi ya kuzalia?"

"Iko kwa mwisho, mama, kule kwa hospitali ya masista. Dix-sept heures, saa kumi na moja, kama saa itabakia."

"Aya," akasema.

Mke wangu alinifuata uani. "Weye ubaki," akaniambia kwa sauti ya chini. "Miye na mama tutaenda. Utatukuta mangaribi."

"Hapa ni muji," nilimjibu. "Hapa hakuna majani ya kuingia."

Neno hilo nililiona la akili sana. Mpaka leo linanichoma.

Asubuhi nilitoka mbele, nimevaa tai, baiskeli mkononi. Kutoka Kadutu kushuka mjini ni vijia vyembamba vya mteremko, ukisimama watu wote nyuma yako wanasimama. Nikisimama kuwasubiri, mama mkwe naye anasimama, anageukia ukingo na kujifunika kikwembe chake cha kitenge. Nikienda, anakuja. Nikitaka kumwonyesha kitu, lazima mke wangu apande kwangu kuchukua neno, ashuke kwa mama yake kulipeleka, kisha apande na jibu. Mwanamke wa mimba ya miezi minane. Nilimwona anashika kiuno, nikatazama saa yangu.

Bandarini nilikwenda kununua mikate. Niliporudi niliwaona kwa mbali, wamesimama bega kwa bega, wanatazama ng'ombe anayeinuliwa hewani kwa mashine kutiwa melini. Miguu ya ng'ombe ilikuwa inatembea bila ardhi. Mama mkwe alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko, na mke wangu alikuwa anafuta machozi ya kucheka. Ningewaacha pale siku nzima, wangekuwa wamepata Jumamosi yao. Lakini ilikuwa imefika saa nne kasoro, nikapiga makofi kuwaita. Kikwembe kikarudi usoni.

Madukani alitazama miguu yake. Hotelini kulikuwa na meza moja tu iliyobaki, nikaagiza samaki watatu na wali. Alikaa ameelekea ukuta, mgongo kwangu, mikono mapajani. Hakula. Kwa kuwa yeye hakula, binti yake naye hakula. Mimi nilikula samaki wangu wote kwa hasira, nikamwambia mke wangu kwamba mama yake ananitia haya mbele za watu. Nilisema kwa sauti ya kusikika. Mgongo ule haukutikisika.

Mpiga picha alikuwa mtu wa mbali, hakujua desturi hiyo, au alijua na hakujali, maana alikuwa na watu wengine kwenye foleni. Alitupangia viti vitatu, akamkalisha mama mkwe katikati. "Maman, karibia bwana," akamwambia, akamsukuma kidogo bega mpaka likagusa langu. Nilisikia mwili wake wote unakakamaa. Alivuta kikwembe juu, akajifunika kichwa kizima.

"Maman, toa kitambaa."

Hakutoa.

"Maman!"

Watu kwenye foleni walianza kucheka. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Nilinyoosha mkono kumshusha kikwembe. Vidole vyangu viligusa vyake, alivyokuwa amekishikia kwa ndani. Mke wangu akageuka na kusema jina langu kwa sauti ambayo sikuijua. Mwanga wa mpiga picha ukapasuka hapo hapo.

Hatukwenda mpirani. Na kule mwisho, kwa masista, mahali pa kuzalia, hatukufika. Walirudi nyumbani wao wawili, mimi nikafuata nyuma sana, baiskeli mkononi, nikijiambia kwamba nimeudhiwa.

Jioni nilikaa sebuleni, mgongo kwenye ukuta. "Mama, uko pale?" nikauliza. Nilisikia pumzi ikivutwa, ile ya kabla ya neno. Neno halikuja. Nilisubiri mpaka uji ukapoa.

Jumapili baada ya misa alipanda gari la Mwenga. Hakunitukana, hakulalamika. Mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba kosa la namna ile kwao linasafishwa kwa mbuzi na maneno ya wazee, na mbuzi akipelekwa tu, mama yake atarudi. "Umutume kesho," akaniomba. Nikamjibu kwamba karani wa serikali ya leo hanunui mbuzi kwa ajili ya kitambaa. Wala sikuwa karani wa serikali, nilikuwa wa ghala la mizigo.

Mtoto alikuja kabla ya wiki tatu kwisha. Nilikaa kwenye benchi la nje kwa masista, mahali ambapo mama mkwe angekaa, nikamsikia mke wangu anaita mama. Hakuniita mimi hata mara moja, aliita mama tu usiku mzima. Mtoto alitoka mzima, msichana. Mbuzi nilimpeleka wiki iliyofuata, dume jeupe, mimi mwenyewe, tai nimeiacha nyumbani. Wazee walimpokea na kusema maneno yao. Nikiwa nyuma ya nyumba niliambiwa mama anaumwa kifua, atakuja mvua zikiisha. Mbuzi alifika kwake, yeye hakufika tena kwetu. Mvua hazikuwa zimeisha tulipoletewa habari ya msiba.

Picha tunayo bado. Mke wangu ndiye aliyeitundika, na kila tulipohama aliibeba mwenyewe. Wanasema majuto ni mjukuu. Wa kwangu alikuja juzi kwa miguu yake, mtoto wa binti yule yule, akapanda kiti na kuigusa kwa kidole.

"Huyu wa katikati ni nani? Juu ya nini amejifunika?"

"Ni mama yangu," mke wangu akajibu, akiendelea kuchambua maharage.

"Alikuwa anafanana namna gani?"

Mke wangu aliacha maharage. Nilidhani atamweleza. Ni yeye tu aliyebaki anayeweza kueleza.

"Uliza koko yako," akasema, akinionyesha mimi babu kwa kidevu. "Njo yeye alipanga ile siku."

Mtoto akanigeukia. Katika picha mkono wangu bado uko hewani, hauko mbali na kitambaa. Nilimwambia mtoto kwamba alikuwa na sauti nzito, na kwamba alikuwa anavuta pumzi kabla ya kutania. Akasubiri niendelee.

"Uso wake sikuuona," nikamwambia.