Ng'ombe Walioitwa Tasa

Neno tasa silipendi mpaka leo. Miaka ile ya sabini tulikaa Makongeni, kwenye nyumba za reli, mimi na mume wangu bila mtoto, na majirani walilitamka neno hilo chini ya dirisha langu wakidhani sisikii.

Mume wangu na wenzake wa kazini walikuwa na shamba la pamoja huko Njiru, wakifuga ng'ombe wa nyama. Mwenye ng'ombe wengi ndiye aliyesikizwa mkutanoni, basi kila mtu akawa anaongeza wake. Nyasi zikaliwa mpaka mchanga ukaonekana. Ng'ombe wakatoka mbavu nje, wakaacha kuingia joto, ndama wakaadimika. Wenyewe wakalaumu fahali. Wakabadilisha fahali, wakabadilisha tena, na ng'ombe wakaendelea kuongezwa.

Mimi nilikuwa na majike watatu humo, zawadi ya mama yangu. Jumapili moja baada ya kanisa mkutano ukafanyika sebuleni kwangu, wakinywa chai yangu, na mwenyekiti akatangaza kwamba fahali atauzwa na majike wangu watapelekwa kichinjioni.

"Shemeji, usikasirike," akaniambia. "Hao ni tasa tu. Wanamaliza nyasi bure."

Mume wangu akatazama kikombe chake. Mimi nikawaka.

"Wana njaa! Na wenu pia wana njaa. Punguzeni ng'ombe, muone kama hawatashika mimba."

"Nani apunguze wake?" mmoja akauliza, na wote wakacheka.

Kesho yake nikawatoa majike wangu. Nikawapeleka kwa mzee aliyepakana na shamba lile, aliyefuga wachache, nyasi zake zikifika magotini. Mwenyekiti alisema nitarudi nikilia. Sikurudi. Mvua ikanyesha, majike wakanenepa, wakaingia joto, wakapandwa. Mwaka uliofuata wote watatu walizaa, nami nikapita katikati ya Makongeni kichwa juu, mimi nisiye na mtoto.

Mwenyekiti akaja kwa mzee kujionea. Akawazunguka ndama, akawapapasa migongo, akamwona fahali mnene kando yao.

"Shemeji, fahali wa huyu mzee ni moto! Hebu tuulizie kama anaweza kutuuzia."

"Mtazame vizuri," nikamwambia. "Ni yule wenu, mliyemuuza sokoni akiwa mifupa mitupu, mzee akamnunua. Na hawa ndio tasa wangu."

Siku hiyo chai sikumpa.